Mtuachie na ule ukimya wa mwisho: barua ya wazi kwa wenye kalamu ya ratiba

Kwa waandaaji wa matamasha, mameneja wa kumbi, na wote wenye kalamu ya ratiba,

Yah: Dakika zetu

Baada ya salamu. Naandika nikiwa kwenye basi, saa nane za usiku, nimezipakata nai zangu, filimbi za tete, ndani ya koti kwa sababu buti la basi lina baridi na tete halipendi baridi. Wenzangu wamelala. Tumetoka kupiga kwenye tamasha ambalo sitalitaja, maana sina ugomvi na mtu mmoja, na yaliyotupata yameshatupata kwingine mara nyingi mno.

Tulipewa dakika 40. Kumi na mbili za mwanzo zilikwenda kuondoa ngoma za kundi lililotutangulia. Tukaanza. Tulipofika pale wimbo unapoanza kufunguka, pale ambapo mwimbaji wetu hufumba macho na watu huacha kukohoa, taa nyekundu ikawaka mbele ya jukwaa. Kijana mwenye redio ya mkononi akanionyesha vidole vitano, halafu vitatu. Simlaumu, katumwa. Tukaufunga wimbo kama mtu afungavyo sanduku lililojaa, kwa kulikalia kifuniko. Sauti ya mwisho haijazimika, spika zikaanza kulitangaza kundi linalofuata.

Barua hii nimeiandika kwa ajili ya kile kilichozimwa na lile tangazo.

Sitawakumbusha kwamba haraka haraka haina baraka. Methali mnaijua tangu shuleni na bado mnaandika dakika 40. Badala yake nitawaeleza namna muziki wetu unavyofanya kazi, kwa sababu nashuku hakuna aliyewahi kukaa nanyi akawaeleza. Sisi wenyewe tuna kosa hapo. Tukipigiwa simu tunaitikia "sawa, sawa" kwa kuogopa kupoteza nafasi, kisha tunakuja kulalamikiana kwenye basi.

Muziki tunaoupiga, wa ibada na wa kutafakari, hautofautiani na mwingine kwa utakatifu wa wanaoupiga. Nimepiga kwenye harusi nyingi na sikuona haya. Tofauti iko kwenye matumizi ya muda. Wimbo wa dansi hukukamata katika sekunde kumi za kwanza au umekukosa. Wetu hauna ndoano mwanzoni. Alapu ya dhrupad, uimbaji wa kale wa India, yaani ule utangulizi usio na ngoma ambamo mwimbaji anaitembelea sauti mojamoja ya raga (mpangilio wa sauti anaouimba), huweza kufika saa nzima kabla mapigo hayajaingia. Ukimpa mwimbaji wa dhrupad dakika 40, umemkaribisha mgeni sebuleni na kumsindikiza mlangoni kabla hajakaa.

Kawali, uimbaji wa masufi wa India na Pakistan, inalionyesha jambo hili vizuri zaidi. Katika sama, yaani mkutano wenyewe wa kusikiliza, msikilizaji akipandwa na jazba kwa mstari fulani, waimbaji hawaruhusiwi kuuacha mstari huo. Wataurudia, na kuurudia, mpaka mtu yule atulie. Husimuliwa kwamba Khwaja Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, walii wa Delhi aliyefariki mwaka 1235, alikata roho baada ya siku kadhaa za jazba iliyoletwa na beti moja tu. Iwe mlivyosadiki ninyi, lakini kanuni iliyo nyuma ya kisa hicho inafuatwa na wenye fani hadi leo: anayeamua lini tuendelee ni msikilizaji aliyeguswa. Sasa hebu mfikirieni mwimbaji wa kawali jukwaani kwenu. Safu ya tatu kuna mama anatokwa na machozi kwa mstari mmoja, mwimbaji kamwona, na mbele yake kuna taa nyekundu. Amtii nani?

Wengi hujibu kwamba jukwaa si mahali pa ibada, na anayetaka ibada aende kwenye ibada. Ni hoja ya haki, na mimi mwenyewe nimeikubali nusu. Nyimbo hizi zikipandishwa jukwaani huwa kitu kingine, na anayekataa hilo anajidanganya. Ila mtazame sema, ibada ya kuzunguka ya masufi Wamevlevi wa Uturuki, ambako nai ndiyo mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1925 ilifunga zawiya zote za masufi, na sema ikanyamaza hadharani. Katika miaka ya 1950 ikarudi kule Konya kwa sura ya maonyesho. UNESCO iliitangaza kuwa urithi mwaka 2005, ikaiingiza kwenye orodha yake mwaka 2008, na maelezo ya UNESCO yenyewe yanakiri kwamba sherehe nyingi siku hizi hufanyiwa watalii, zikiwa zimefupishwa na kurahisishwa ili zikidhi biashara. Serikali iliifunga kwa sheria. Ratiba inaikata kidogo kidogo, kwa tabasamu. Sema ina sehemu nne zinazoitwa selam, na kabla yake nai hupiga peke yake, bila mapigo. Mkitafuta pa kupunguzia, mnaanza na nai. Nayajua haya kwa sababu ni mimi ninayeambiwa, "Ndugu, ile yako ya mwanzoni tunaweza kuiruka?"

Kuna suala la kulinganisha sauti za vyombo kabla ya kupiga, ambalo nyote mnaliona kama uvivu wetu. Tarehe 1 Agosti 1971, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, Ravi Shankar, mpiga sitar wa India, na wenzake walikaa jukwaani wakalinganisha vyombo vyao, na watu wakapiga makofi wakidhani hiyo ndiyo kazi yenyewe. Akawashukuru kwa upole, akawaambia anatumaini muziki utawapendeza zaidi ya hapo. Kila mtu hucheka akisikia kisa hiki. Mimi huwaonea wivu, kwa sababu waliruhusiwa kulinganisha vyombo mpaka vikakaa sawa. Leo tunalinganisha nyuma ya pazia huku kundi jingine likipiga, sikio moja tumeliziba kwa kidole.

Si anasa. Nai ni tete lenye pingili tisa, matundu sita mbele na moja nyuma, basi. Hakuna skrubu wala kifungo cha kupandishia sauti. Sauti inasafiri polepole zaidi kwenye hewa baridi, kwa hiyo ukumbi ukipungua nyuzijoto 10, nai ambayo pumzi haijaipasha hushuka kwa karibu theluthi ya nusu toni. Masikioni mwa mpiga gitaa la rock pengine si kitu. Kwetu sisi tunaopiga makamu, yaani ngazi za sauti, zenye robo toni, hiyo ni zaidi ya nusu ya robo toni yenyewe: tumeshahama makamu. Na nyuzi za udi zina mambo yake, hazifuati nai. Ndiyo maana namwomba meneja wa ukumbi awashe joto saa mbili kabla, na yeye ananiangalia kama ninayedai maua chumbani.

Halafu friji. Naomba mnivumilie, hili nimelibeba muda mrefu. Nyuma ya karibu kila ukumbi mdogo kuna baa, na ndani ya baa kuna friji. Mashine inayotumia umeme wa mizunguko 50 huvuma mitetemo 100 kwa sekunde; umeme wa mizunguko 60 unaivumisha 120. Kwa watu wenye magitaa na spika kubwa, friji haipo. Muziki wetu umekaa juu ya mvumo mmoja usiokatika, ala ya nyuzi ya tanpura au kinanda cha mvukuto au sauti za wanaume watatu, na friji inaingia hapo kama mwanakwaya wa nne ambaye hakuhudhuria mazoezi. Mitetemo 100 iko juu kidogo ya noti ya G, haifiki G kali. Usiku mmoja, baada ya kuomba mara tatu izimwe na kujibiwa mara tatu kwamba vinywaji vitaharibika, tulikata shauri kuupandisha mvumo wetu wote ulingane na friji. Ilikuwa mojawapo ya usiku zetu nzuri. Lakini msiifanye desturi.

Upande wa mwangwi nitawapa mfano mmoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliingia Hagia Sophia, Istanbul, wakapasua maputo na kurekodi jinsi sauti inavyofifia. Katika jengo lile, lililokamilika mwaka 537, sauti huchukua sekunde kama 11 kuisha. Ukumbi mzuri wa okestra una kama mbili. Uimbaji wa Kibizanti, wa kanisa la kale la mji ule, umetungwa kwa ajili ya zile kumi na moja: mwimbaji anaachia sauti, jengo linaishika, anaiwekea nyingine juu yake. Ukimpeleka mwimbaji huyo kwenye hema lililotandikwa mazulia, mwangwi hakuna kabisa, halafu fundi mitambo anamwongezea mwangwi wa kompyuta baada ya kumsikiliza dakika tatu. Mafundi wengi ni wazuri na wanajua. Wanachokosa ni saa moja ya kukaa na mwimbaji ukumbini ukiwa mtupu, na saa hiyo iko mikononi mwenu, hawana uwezo wa kujipa.

Sasa nirudi kwenye lile tangazo la jana.

Kwenye muziki wetu ukimya baada ya sauti ya mwisho ni sehemu ya kazi. Nikiondoa nai mdomoni, kazi haijaisha, imehamia kwa msikilizaji. Kuna usiku ambao ukimya huo hukaa sekunde tano, kuna usiku hukaa ishirini, na ninaweza kuwaapia kwamba kila mtu ukumbini anajua utakapovunjika, bila kuambiwa na yeyote. Hatuupangi. Hauji kwa lazima pia. Mara nyingi hauji. Lakini ukija, sisi tuliosafiri siku mbili kwa ajili ya dakika 40 tunajua kwa nini tulisafiri. Ndicho kitu pekee ambacho msikilizaji hawezi kukipata nyumbani kwenye simu yake, na hakiwagharimu ninyi hata senti. Tangazo la jana liliingia sekunde ya pili. Nilimwona mzee mmoja mbele akishtuka, kama mtu aliyeamshwa na honi.

Mtasema hadhira ya leo haina subira. Sina hakika na hilo. Waliowafupishia watu muziki wana majina na tarehe, na mara nyingi kilichoamua ni mashine. Gauhar Jaan, mwimbaji wa India, aliporekodi santuri kule Calcutta mwaka 1902, santuri ilibeba kama dakika tatu kwa upande, kwa hiyo raga iliyozoea kukaa saa nzima au zaidi ikajifunza kukaa dakika tatu. Leo, kwenye majukwaa makubwa ya kusikilizia muziki, wimbo huhesabiwa umesikilizwa ukifika sekunde 30. Mtu akisikiliza wimbo wetu wa dakika 36 mpaka mwisho, macho kafumba, ni hesabu ya moja. Akisikiliza vipande 36 vya dakika moja moja, ni hesabu ya 36. Tangu mwaka 2024 mojawapo ya majukwaa hayo hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12. Wenzangu kadhaa wameshaanza kukatakata nyimbo zao kama nyama ya mshikaki. Nami nimejaribu, nisiwafiche. Sikio liligoma.

Nalitaja hili kwenu kwa sababu ninyi mnatupima kwa namba hizo hizo. Barua pepe ya kwanza huuliza wasikilizaji wetu wa mwezi ni wangapi. Mzani uliotengenezwa kuhesabu sekunde 30 unatumika kuamua nani apewe dakika 40 na nani 90, kisha tunashangaa kwamba kila tamasha linafanana na jingine.

Kuhusu pesa nitasema kifupi, ingawa lingestahili barua yake. Kuna sentensi ambayo kila mpigaji wa muziki wa ibada ameisikia: "Lakini si mnamwimbia Mungu?" Ndiyo, tunamwimbia, na Mungu hajawahi kutudai nauli. Wanaodhani kwamba zamani waimbaji wa ibada waliishi kwa baraka tu, hawajasoma. Kawali ni kazi ya kurithishana kwenye koo, na msikilizaji aliyeguswa hutoa fedha mbele ya sheikh, na fedha hizo huwafikia waimbaji. Utoaji huo ni sehemu ya adabu ya sama. Johann Sebastian Bach, mtunzi Mjerumani wa muziki wa kanisa, mwaka 1730, aliiandikia halmashauri ya mji wa Leipzig kueleza kwamba muziki wa kanisa unahitaji watu wa kutosha na malipo, akawapangia wanafunzi wake bila haya: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Miezi miwili baadaye alimwandikia rafiki yake kwamba hewa ya mji ikiwa nzuri watu hawafi, na mazishi yakipungua na kipato chake kinapungua. Huyo ndiye tunayetajiwa kila siku kama mfano wa kumtumikia Mungu kwa muziki. Alikuwa anahesabu majeneza.

Na kodi. Nchi nyingi, kwa mtindo wa kifungu cha 17 cha mkataba wa mfano wa kodi wa OECD, shirika la uchumi la nchi zilizoendelea, humtoza msanii pale alipopiga, hata kama anaishi kwingine. Marekani hukata asilimia 30, Uingereza 20, tena kwa kawaida kutoka kwenye jumla ya malipo, kabla ya nauli, kabla ya mpiga ngoma, kabla ya chumba. Sawa, sheria ni sheria. Ombi langu ni dogo: ile hati ya kuonyesha kodi imekatwa, nipeni usiku ule ule au wiki ile ile. Bila hati hiyo siwezi kudai nafuu nyumbani, nalipishwa mara mbili kwa wimbo mmoja. Nina waandaaji watatu ninaowadai hati za miaka miwili nyuma. Wakati wa kutukaribisha walijibu barua pepe ndani ya saa moja.

Njiani kuna mengi ambayo si yenu, nayapita haraka. Kuna kitabu cha forodha kiitwacho ATA, kilichozaliwa na mkataba wa mwaka 1961, kinachodumu mwaka mmoja na kuorodhesha kila chombo. Ukiingia na matari manne lazima utoke na manne, hata kama moja limepasuka na kutupwa. Kuna sheria za miti. Mwanzoni mwa 2017 jamii yote ya mti wa rosewood, mpingo wetu ukiwemo, iliwekwa chini ya vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na watu wenye zumari na udi za zamani wakalala viwanja vya ndege wakijieleza, mpaka mwishoni mwa 2019 vyombo vilivyokamilika vilipoachiwa. Marekani ina sheria ya mwaka 2012 inayomruhusu abiria kuingia na chombo chake ndani ya ndege kikitoshea kabatini, nafasi ikiwepo anapopanda. Kwingine ni bahati na sura ya aliye mlangoni.

Lililo lenu ni barua ya mwaliko. Mnaileta wiki tatu kabla, imeandikwa "tamasha la muziki wa kiroho", na mimi nasimama dirishani naulizwa: unakuja kusali au kufanya kazi? Nikisema kusali, kwa nini kuna malipo? Nikisema kufanya kazi, viza hii si ya kazi. Nilishawahi kujibu "vyote viwili" na nikakalishwa saa nne. Andikeni wazi mnachotuitia, na mwandike miezi mitatu kabla.

Hapa hunijia wale watawa wa Japani walioitwa komuso, wa madhehebu ya Fuke, waliotembea wamefunika vichwa kwa vikapu wakipiga shakuhachi, filimbi ya mwanzi. Kwao filimbi ile haikuwa ala ya muziki, ilikuwa kifaa cha ibada. Zama ambazo watu wa kawaida walizuiwa kusafiri ovyo, wao walipita kwenye vizuizi kwa sababu walikuwa na waraka wa serikali, wenye tarehe ya mwaka 1614, unaowapa ruhusa. Wanahistoria wengi leo wanaamini waraka ule waliughushi wenyewe. (Msinipe mawazo.) Ruhusa ilidumu muda mrefu hata hivyo, mpaka serikali mpya ilipoyavunja madhehebu yao mwaka 1871, na filimbi ikabidi iingie ukumbini kama filimbi nyingine yoyote, yenye tiketi na saa ya kuanza. Tangu hapo tuko mikononi mwenu.

Nanyi wakuu wa nyumba za ibada, msidhani mmesalimika. Mnatukopesha majengo yenye mwangwi tunaoulilia, Mungu awalipe, halafu saa tatu kamili mwenye funguo anasimama mlangoni akizichezesha. Funguo zenu zina sauti kali kuliko friji.

Basi, ninachotaka kiandikwe kwenye mkataba. Ratiba yetu ianze kuhesabiwa pale tunapopiga sauti ya kwanza, si pale jukwaa linapokuwa chafu na nyaya za wengine. Mkiwa na dakika 40 tu, mtuambie mapema, tutaleta kitu kilichotungwa kwa dakika 40. Vipo, na ni vizuri. Tusikate kirefu mbele ya watu. Mkitaka kirefu, mtupe 90 na mtuweke mwisho wa usiku, au alfajiri, ambapo hatumzuii mtu. Saa moja ya kulinganisha na kupima sauti, ukumbi ukiwa na joto lile lile litakalokuwepo watu wakiingia. Friji izimwe, vinywaji vinastahimili saa moja na nusu, nimeuliza. Taa nyekundu sawa, iwekeni, lakini imwelekee mpiga ngoma wetu. Yeye ndiye mwenye moyo mgumu, na anajua kutupeleka nyumbani bila kuwashtua walioketi.

Na baada ya sauti ya mwisho, sekunde 30 ambazo hakuna mtu yeyote wa kwenu atakayegusa kitu: si maikrofoni, si taa, si muziki wa kwenye kompyuta. Watu wakianza kupiga makofi sekunde ya tatu, makofi ni yao, tunayapokea kwa shukrani. Ninyi tu ndio nawaomba mngoje. Nimekiandika kifungu hicho kwa maneno mepesi, mistari miwili, na kuanzia msimu ujao nitakituma pamoja na orodha ya vyombo na ya maikrofoni. Mwandaaji mmoja nimeshamtumia jana hiyo hiyo, tukiwa tunapakia vyombo. Amejibu akiuliza kama sekunde 30 hizo zinahesabika ndani ya dakika 40.

Nimemjibu kwamba zinahesabika. Tutapiga 39 na nusu.

Wenu katika kazi,
Mpiga nai, kiti cha nyuma, upande wa dirisha